Siku Kapita Émile Alipokuwa Jiwe

Wewe unayesoma, mashaka yako yaache mlangoni, utayakuta ukitoka. Habari hii ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Ninaapa kwa mizani ya laiteri ya Kirolirwe, ile niliyopimia maziwa ya watu hadi nikastaafu, na mizani ile ilidanganya siku za sikukuu tu. Akitokea mtu akanikamata na uongo humu, hata mdogo kama mbegu ya mtama, nitamlipa fromaji, yaani jibini ya kwetu. Si kipande, ni duara zima, lililokomaa, la kugonga kwa kidole likaitika. Kiapo hiki nimekiweka dukani kwa Mama Kaswera, mbele ya watu, na yeye ameshaanza kunoa kisu.

Mwaka ule wa vita, shule yetu ilikuwa kambi. Wenye bunduki walilala darasani, na madawati yaliingia jikoni mwao moja baada ya jingine, yakaivisha maharage. Walimu walitawanyika, huyu Goma, yule Walikale, mwingine hakuna ajuaye. Watoto wengi walifurahi kimyakimya, tusifichane. Ambaye hakufurahi ni Valérie, binti wa Damien na Béata, msichana wa miguu mirefu na maswali marefu kupita miguu.

"Mama, mayi yenye kushuka ku kilima, nguvu yake inaendaka wapi?"

"Inaendaka mu ile bidon yenye iko inakungoja," alijibu Béata, mikono yake ikiwa ndani ya maziwa yaliyoganda. Béata alitengeneza fromaji nzuri kuliko zote za upande ule, na hakuwa na nafasi ya nguvu ya mayi.

Basi Valérie akaitafuta mwenyewe. Nyuma ya nyumba yao ulipita mfereji ambamo mama yake alipozesha bidon za maziwa. Mtoto akaokota gurudumu la baiskeli, kinga tunavyosema sisi, iliyotupwa barabarani na watu waliokimbia. Akalifunga vifuniko vya makopo ya mafuta, akaliweka mferejini, akalitia dinamo. Halikuzunguka. Akaanza kupanga mawe majini. Kiangazi kizima aliweka jiwe, akachuchumaa, akatazama, akaliondoa, akalipeleka kwingine. Majirani walisema mtoto wa Damien amechanganyikiwa kwa kukosa masomo. Kisha jioni moja taa ikawaka ndani ya kibanda cha fromaji, na wale wale waliosema amechanganyikiwa wakapanga foleni wakiwa na simu zao zilizokufa.

Mama Kaswera, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na duka lake na jenereta yake ya kuchaji simu, alikuja kuangalia na mikono kiunoni.

"Mutoto, unaniua."

"Hapana, Mama Kaswera. Jenereta yako inakunywa mafuta. Yangu inakunywa mayi, na inairudisha."

Mama Kaswera alifikiri kidogo, kisha akaenda dukani, akarudi na waya mzima wa shaba. "Chukua. Kama nitakufa, nikufe naona vizuri."

Wakati huo redio ilitangaza kwamba nchi imeamua kuweka mali yake katika umeme wa maji na wa jua. Na kwa kuwa umeme unahitaji vichwa, serikali ingetafuta watoto wenye akili ya pekee, iwasomeshe kwenye internat moja kule Goma: walale huko, wale huko, wasome huko. Kwa Masisi na Walikale pamoja, nafasi ilikuwa moja. Na sharti lilikuwa moja pia: kazi ya mtoto ionekane kwa macho, inatembea.

"Nchi inatafuta watoto?" alishangaa Papa Émile, kapita wetu, yaani mkuu wa kijiji. "Mimi nilizoea inatafuta kodi."

Lakini ndani ya nyumba ya Damien hakuna aliyecheka. Kama si nafasi ile, Valérie alikuwa amemaliza masomo, na aliyeyamaliza si mwalimu, ni kuni.

*

Watoto waliitwa kwanza Masisi-centre, waonane na komisyo, wale wa serikali wa kuwachagua. Damien hakuwa na nguo ya kuonana na serikali. Alikwenda kwa kapita kuazima koti, na kapita, badala ya kumpa ndani, alimtolea nje, palipokuwa na watu.

"Damien, koti hii njo ilinipatia bibi wa kuoa. Uirudishe na vifungo vyote."

"Nitairudisha, Papa Kapita."

"Usikae nayo chini. Usikulie ndani yake."

"Sitakula, Papa Kapita."

Watu walicheka. Damien naye alicheka kidogo, kama anayelipia. Lakini Béata hakusikia masharti hayo. Asubuhi ya safari alifunga kipande cha fromaji katika jani la mgomba, akakitumbukiza katika mfuko wa ndani wa koti. "Mukule njiani," alisema. Fromaji yenyewe chumvi ilikuwa imeizidi, lakini tumbo la safarini halina mdomo wa kuchagua. Damien alisema asante, akapanda pikipiki nyuma ya dereva, mtoto katikati, dinamo ndani ya begi ya shule, kifuko cha maharage ya kumpelekea shangazi wa Masisi magotini.

Kabla ya Nyamitaba walikuta kamba imekatiza barabara. Kijana mwenye bunduki akawashusha.

"Papa, koti hii uliiba wapi?"

"Ni ya kapita wetu, kaka. Ameniazima."

"Nimeona. Mabega yako inaikataa." Wenzake wakaangua kicheko. "Zunguka nikuone."

Damien akazunguka. Alizunguka kama ng'ombe sokoni, mtoto wake akitazama, na kijana yule angeweza kuwa mwanawe.

"Na huyu mutoto?"

"Ameitwa ku komisyo. Ametengeneza umeme na mayi."

"Mayi inawakaka?"

"Hapana, kaka," alisema Valérie, kwa sababu swali likishaulizwa yeye hakuweza kuliacha lilale njaa. "Mayi inasukuma. Taa njo inawaka."

Kijana alimtazama. Akatoa mfukoni simu iliyokufa, akaigeuzageuza kama aliyeshika ndege mgonjwa. "Na hii inaweza kufufuka?"

"Uje nayo siku moja kwetu Kirolirwe."

Akawaachia wapite. Maharage yalibaki pale. Fromaji haikuguswa, kwa sababu Damien, kwa hofu, alikuwa amesahau kwamba ana mifuko.

Komisyo ilikuwa watu wawili nyuma ya meza: Inspectrice Léontine, mkaguzi wa shule, mama wa miwani na sauti ya upole, na Ingénieur Stéphane, mhandisi aliyeitazama saa yake kila mtoto alipoanza kusema. Watoto wengine walikariri. Valérie alitoa dinamo, akaizungusha juu ya unyayo wake, taa ndogo ikapepesa.

"Dinamo tunazijua," alisema Ingénieur. "Mayi yako iko wapi?"

"Mayi haiingiaka mu begi, Papa."

Inspectrice akacheka hadi akavua miwani. "Stéphane, huyu twende tumwone kwake. Kesho, misa ikiisha. Halafu tuendelee Walikale."

*

Habari ilitufikia kwa simu ya Mama Kaswera: serikali inakuja kesho kuona mfereji wa Valérie. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kila mtu anatoka na jembe lake, asiyetoka anatolewa. Papa Émile alipanda juu ya kichuguu.

"Wakubwa wanakuja kuona mayi! Na mayi yenyewe mumeiangalia? Imejaa majiwe kama vile hakuna watu hapa! Mutoto wetu afike na wageni akute uchafu?"

"Hapana!" tukajibu.

Sijaona salongo kama ile, wala sitaiona. Wanaume walivua mashati, wakaingia mferejini, wakatoa mawe yote. Yote! Mkubwa kwa mdogo. Waliuchimba ukawa mpana na laini kama barabara ya rais. Wakaliosha gurudumu kwa majivu, wakalipaka siagi ya ng'ombe likameremeta. Mimi nilisaidia kwa ushauri, nikiwa ukingoni, maana goti langu halipendi maji ya baridi. Hakuna aliyelijaribu gurudumu, kwa sababu dinamo ilikuwa Masisi na mwenyewe. Na Béata, aliyekuwa ndani ya kibanda akigeuza fromaji zake, alisikia nyimbo za watu mferejini akafuta jicho kwa kiwiko. Aliona kijiji chote kinampenda mtoto wake, na kwa hilo hakukosea.

Mawe tuliyafanyia adabu pia. Mama Kaswera alitoa chokaa. Tukayapaka meupe, tukayapanga kando ya njia kutoka barabarani hadi kwa Damien, huku na huku, jinsi wageni wakubwa wanavyopokelewa.

*

Jumapili, watu walitoka misani wakaja wote kama walivyo, na viatu vyao na vitenge vyao vya sikukuu. Jeep ya komisyo, Damien na Valérie wakiwa ndani, ikasimama barabarani.

"Oh, kijiji safi!" alisema Inspectrice Léontine akishuka. "Angalia majiwe yanapangwa vizuri!"

Valérie aliyaangalia. Alitembea kati ya mistari ile miwili polepole, akigeuza kichwa kushoto na kulia, na kila hatua mdomo wake ulizidi kufungwa. Alikuwa anayajua. Lile lenye mgongo kama wa kobe. Lile lililovunjika pembe. Alipofika mferejini, maji mapana yalipita chini ya gurudumu kwa ustaarabu mkubwa, bila kulisumbua, na gurudumu lilisimama likinukia siagi.

"Tumekusafishia, mwanangu," alisema Papa Émile, mikono wazi.

"Papa Kapita. Majiwe yangu munaiweka wapi?"

"Majiwe gani? Ile uchafu? Si umepita katikati yake..."

Hakumaliza. Wale wa mbele waligeuka kuyatazama mawe meupe, kisha wa nyuma yao, mtu kwa mtu, hadi watoto waliokuwa juu ya uzio. Béata alikaa chini pale pale aliposimama.

"Tuyarudishe!" alipiga kelele kapita. "Vijana! Kila mutu jiwe lake!"

"Haiwezekani, Papa Kapita," alisema Valérie. "Nilipanga kiangazi kizima."

Dereva wa jeep alinyoosha kidole: upande wa Nyamitaba mbingu ilikuwa nyeusi. Barabara ikilowa hawatavuka, na Walikale kuna mtoto mwingine anangoja. Ingénieur Stéphane alitazama saa.

"Tutaandika hivi: haikutembea."

Damien akamsogelea. Akaanza kusema, akasema mengi mno: kwamba ilikuwa inatembea, kwamba watu wote wameona, kwamba simu zilichajiwa, kwamba Mungu ni shahidi. Alimshika mkono mgeni, akaachia, akamshika tena.

"Papa," alisema Ingénieur, "koti yako iko nzuri, lakini hatukukuja kuona koti."

Damien akaurudisha mkono wake, akakifunga kifungo ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Valérie hakuona hayo. Alikuwa amegeuka, anawatazama watu. Alimtazama kapita toka kichwa hadi miguu, taratibu, kama fundi anayepima ubao. Kisha akamtazama mshonaji wetu. Kisha Mama Kaswera, kwa upana.

"Papa Kapita, ingia mu mayi."

"Mimi?"

"Weye njo ulitoa jiwe kubwa. Fasi yake itakuenea. Ukae chini, mugongo ku mayi."

Sasa, kapita wa Kirolirwe ni mtu wa kuketi kitini, na Jumapili ni siku ya suruali nyeupe. Papa Émile aliitazama serikali, akawatazama watu wake, akayatazama yale mawe ya chokaa yanayomeremeta. Akavua viatu. Akaingia. Akakaa. Maji yalimfika kifuani na sauti iliyomtoka haijawahi kuandikwa.

"Sogea kushoto, Papa Kapita. Tena. Hapo. Usitikisike, uko jiwe."

"Niko jiwe," alisema kapita, meno yakigongana.

Wakaingia wengine. Valérie alisimama ukingoni akiwaita na kuwapanga, wewe hapa, wewe kando yake, shikaneni mikono. Damien akakimbilia majini, na kutoka mferejini ikapanda sauti: "Damien! Koti!" Hata jiwe lina mali yake. Damien akavua koti, likatundikwa kwenye mti wa uzio, naye akaenda kukaa bega kwa bega na mwenye koti.

"Mama Kaswera, weye njo jiwe pana."

"Unaniita pana mbele ya serikali?"

"Pana ni nzuri, Mama. Nyembamba, mayi inapita."

"Nikipata mafua, utachajisha simu zangu bure mpaka niolewe tena!" Akaingia na kitenge chake kipya, akaketi, na mfereji wote ukapanda kiasi cha vidole viwili. Watu wakapiga makofi. Hata Mama Kaswera akapiga.

Maji yalipanda, yakatafuta njia, yakasukumana kuelekea gurudumu. Gurudumu likatetemeka, likafanya nusu mzunguko. Likasimama. Kando yake kabisa palibaki upenyo, na maji yote yalikuwa yanatorokea hapo.

"Bado mutu mumoja!" alilia Valérie. "Mumoja tu!"

Ingénieur alikuwa ameshafungua mlango wa jeep. Dereva alikuwa ameshawasha moto. Na hapo ndipo mimi, Albert, mzee wa goti bovu, nilipotupa fimbo yangu, nikajitosa katika upenyo ule. Maji yaliniuma kama nyuki. Niliziba pengo kwa mbavu zangu hizi, na gurudumu likazunguka, likaimba, na mtoto akabana waya wa mwisho.

"Inawaka!"

Haikuonekana. Mchana taa ile ilikuwa kama mtu mnyonge katikati ya mkutano. Inspectrice Léontine akavua kitenge alichojifunika mabegani, akajifunika kichwa pamoja na taa, akamvuta na Ingénieur Stéphane ndani kwa tai yake. Serikali mbili zikawa chini ya nguo moja, kama wagonjwa wa mafua wanaovuta mvuke wa mikaratusi.

"Iko inawaka, Stéphane."

"Iko inawaka," ilijibu sauti ndani ya kitenge. Walipotoka, nywele zimesimama, aliongeza: "Lakini inatembezwa na watu, Mama. Hatuwezi kuandika kwamba mutambo umetengenezwa na kapita."

Akageuka kwenda kwenye jeep. Inspectrice naye akamfuata polepole, akirudi nyuma kwa macho. Damien alianza kuinuka majini ili amwombe tena.

"Papa, kaa!" alisema Valérie.

"Wanakwenda, mwanangu."

"Ninaona kitu. Kaa." Alikuwa amechuchumaa, pua karibu na maji, komisyo imeshamtoka kichwani. "Papa Kapita, inama kidogo mbele. Mugongo ulale."

Kapita akainama. Gurudumu likaongeza mbio.

"Simama wima."

Likapunguza.

"Inama tena. Tena kidogo. Hapo!" Gurudumu lilivuma kama mzinga, na taa, mchana ule ule, ikaonekana na watu wote, bila kitenge.

Mguu mmoja wa Ingénieur Stéphane ulikuwa tayari ndani ya jeep. Aliutoa. Akarudi kati ya mistari ya mawe meupe, haraka, akachuchumaa kando ya mtoto na suruali yake ya mji ikagusa tope.

"Kwa nini imeongeza?"

"Sijui bado. Jiwe langu nililisimamisha wima. Lenyewe haliwezi kuinama, kwa hiyo sikujua. Angalia, Papa: mayi inapanda ku mugongo wake pole pole, halafu inaanguka na hasira."

"Mwambie ainame zaidi."

"Papa Kapita, zaidi!"

"Nitakunywa mayi yote," alisema kapita, lakini akainama. Gurudumu likapungua.

"Basi iko kipimo," alisema Ingénieur.

"Iko kipimo," alisema Valérie, na wote wawili wakatazama mgongo wa Papa Émile kama watu waliofunguliwa kitabu. Dereva alipiga honi. Hakuna aliyegeuka. Tone la kwanza la mvua lilipoanguka bado walikuwa wanamsukuma kapita huku na huku, na Ingénieur alikuwa ameshasahau kwamba ana saa.

"Na kesho?" aliuliza Inspectrice Léontine. "Hawa wakienda nyumbani, taa inazima. Utafanya nini?"

"Nitarudisha majiwe, Mama. La kapita nitalilaza."

"Na salongo ingine wakiyatoa tena?"

Valérie akawatazama waliokaa majini, midomo ya bluu. "Hawatayatoa. Sasa kila mutu anajua jiwe lake linafanyaka kazi gani."

*

Jibu lilikuja na lori la maziwa. Dereva aliinamia dirishani akamwambia Damien: "Wale wa Goma wanasema mutoto aje na godoro, ndoo na chandarua." Damien alimwomba arudie. Alirudia. Damien akamwomba arudie tena, Béata asikie. Mtu haambiwi alete godoro mahali ambapo hatalala.

Na mtoto wa Walikale? Yule tulisikia alipata pia. Inspectrice alikwenda kugonga meza mahali fulani hadi nafasi moja ikazaa. Turbine ya kweli, gurudumu la chuma, tuliyoahidiwa na serikali bado iko njiani, tunaamini. Lakini Valérie leo ni mhandisi, anatengeneza umeme wa mito midogo kule Walikale, na huwaambia mafundi wake wasimamishe kwanza binadamu ndipo wasimamishe jiwe. Mawe yake yako mferejini hadi leo. Upande mmoja bado mweupe.

*

Hapa ndipo nilipotaka kuishia. Lakini jana niliisoma habari hii dukani kwa Mama Kaswera, mbele ya watu, ili kiapo changu kipate mashahidi. Kijana mmoja wa pikipiki, mgeni, aliruka papo hapo.

"Mzee, lete fromaji! Kapita mwenye suruali nyeupe akae mu mayi? Uongo!"

"Nilikaa," ilisema sauti ya Papa Émile kutoka kwenye kona ya duka, na akakohoa kwa ushahidi. "Mpaka leo kifua inanikumbusha."

"Basi huyu Mama kuitwa pana..."

"Niliitwa," alisema Mama Kaswera. "Endelea na pikipiki yako."

Nikaikunja karatasi yangu kwa ushindi. Kumbe Béata alikuwa mlangoni. Alikuja kununua chumvi, na pakiti ilikuwa mkononi mwake.

"Papa Albert, soma tena pale umeandika juu ya fromaji yangu."

"Ipi, Mama Valérie?"

"Ile niliweka mu koti. Umesema iko namna gani?"

Nikasoma, kwa sababu mwandishi hufurahi akiombwa: "Fromaji yenyewe chumvi ilikuwa imeizidi..."

"Simama hapo. Ile siku, kichwa yangu ilikuwa ku safari ya mutoto. Nilitia chumvi, nikasahau, nikatia tena. Nilijua wakati wameshaenda. Sikuambia mutu, hata Damien, nilisikia haya. Damien, uliikula?"

"Hapana," alisema Damien aliyesimama nyuma yake. "Niliikumbuka jioni, wakati wa kurudisha koti. Mufuko ulikuwa na jani tu, limekunjwa. Nilifikiri imeanguka mu mayi."

"Koti haikuingia mu mayi, wala haikutundikwa ku uzio," alisema kapita kwa ukali. "Nilisema ishikwe na mutu mwenye kukauka!"

Duka lote likanigeukia. Nilijaribu kusema juu ya mbwa. Kulikuwa na mbwa wengi miaka ile.

"Mbwa anafungua jani la mgomba na kulikunja tena?" aliuliza Béata. "Papa Albert, goti yako haipendi mayi ya baridi, umeandika weye mwenyewe. Ulikuwa ku kando, umeshika koti, unatafuna. Na ule upenyo wa mwisho ulizibwa na nani?"

Hakungoja nijibu. "Na miye. Nilikuwa nimekaa chini, nikasikia mutoto analia 'mumoja tu.' Niliingia na kitenge cha misa. Ulikuwa mbele yangu, Papa Albert. Nilikuomba unipishe."

Kweli aliniomba. Na nilimpisha, hilo mngeniandikia pia.

Kijana wa pikipiki alicheka hadi akakaa juu ya gunia la Mama Kaswera. Nikaenda nyumbani na goti langu, nikapanda kitini, nikashusha kutoka darini duara nililokuwa nimelitunzia Krismasi. Nikalileta. Béata alilipokea kwa mikono miwili. Aligonga kwa kidole, likaitika. Akaazima kisu cha Mama Kaswera, akakata kipande cha ukubwa wa ukucha, akaonja huku akinitazama.

"Chumvi imepungua," alisema, akaliweka kichwani pamoja na pakiti yake, akaenda zake.